Kitabu cha Mapishi cha Stendi

Kaka yangu,

Mlafi wako nimerudi na habari za mwezi. Nimesafiri kwa basi muda wa saa sita kufuata samaki wa kuchoma. Ni mtamu, nimemuuliza mchomaji amempaka nini mpaka akanihamisha meza.

Kusoma pia nimesoma. Pale stendi nimenunua kitabu cha mapishi kilichotumika, na pembeni kimejaa mwandiko wa penseli wa marehemu mama. Nawe uliniambia vitabu vyake vyote umevifungia kabatini. Mimi ninayeuliza kila kitu, hili sikuulizi.

Kwenye ukurasa wa keki ameandika: "Mwanangu mkubwa akija, ongeza sukari."

Jumapili naoka. Ukija, nitaongeza.

Mdogo wako,
mdomo usiotulia