Kikapu cha Vitunguu

Jumanne, Mkolani

Eti cha mashine! Kikapu nilichokisuka wiki tatu, kwa ukindu nilioutia rangi mwenyewe, na yule binti anayenunulia duka la mjini anakigeuzageuza kama anakagua noti bandia.

"Mama, mistari imenyooka mno," akasema. "Wageni wetu wanataka kazi ya mkono kweli."

Nikamwonyesha vidole vyangu vilivyochanika. Akatabasamu tu. Halafu akakiona kile ninachowekea vitunguu, nilichokisuka nikiwa na malaria, mikono ikitetemeka. Kimepinda kila upande.

"Hiki sasa ndicho! Nitengenezee kumi kama hiki."

Nimekubali. Ningefanyaje, na tangu Pasaka hajaja mnunuzi mwingine?

Mama yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akiona mstari umepinda anaufumua wote, nami naanza upya huku nalia.

Jioni hii nimeanza cha kwanza. Najitahidi kukosea, lakini mikono haikubali. Nilipofika mstari wa nne nikautazama: umenyooka vilevile alivyotaka mama.

Nimeufumua wote.