Rimu Alizoletewa Mama

Baba,

Gari lako limebadilishwa rimu, na si mimi niliyezibadilisha. Nimeona nikueleze mwenyewe, maana Mama akikutajia kwenye dua zake atasema tu kwamba zinapendeza, kisha atanyamaza.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimeinamia bajaji ya watu hapa gereji kwetu Buzebazeba, nikasikia Noah yako inaingia. Mlio wake naujua. Kuinua kichwa, naona rimu nne nyeusi, kingo zinang'aa, kama gari la bwana harusi. Zile zako za kijivu hazipo. Mama akashuka amevaa kitenge ambacho sijawahi kukiona.

Nikamuuliza amezitoa wapi. Akasema, "Nimeletewa." Nikauliza na nani. Akatengeneza mtandio kwanza. "Na Ramadhani."

Humjui, Baba. Ni mfanyabiashara wa samaki pale Katonga, mjane kama Mama. Tangu Mama atoke eda, kila Ijumaa analeta migebuka. Anabisha hodi, anaulizia hali, anakunywa chai, anaondoka. Mwaka mzima nilimtazama nikitafuta kosa sikulipata, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Kisha mwezi uliopita nikamsikia anamuuliza Mama kadi ya gari iko kwa jina la nani. Nikasema moyoni, haya, kumbe. Samaki naelewa. Lakini mwanamume anamletea mwanamke rimu ili iweje?

"Linatetemeka kidogo usukani nikishuka mlima," Mama akasema, kama anayezungumzia mvua. "Liangalie basi, Jumamosi tunakwenda naye Manyovu kumsalimia mama yake."

Manyovu! Na ile milima.

Nikapiga jeki. Nilipoweka spana kwenye nati ya kwanza haikunipa kazi yoyote, ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Ya pili hivyo hivyo. Nikatoa gurudumu, nikasugua habu, kile kitovu gurudumu linapokaa, kwa brashi ya waya mpaka chuma kikawa cheupe, nikarudisha gurudumu bila nati hata moja, kama ulivyonifundisha. Unakumbuka siku ile nilipokujibu "imeingia" na ukanifanya nilifungue upya mbele ya mteja? Ulisema, "Usiniambie imeingia, Zuhura. Niambie imekaa." Nililia chooni siku ile. Sikuwahi kukwambia.

Basi hili lilikuwa limeingia, halikukaa. Rimu zako zilikuwa zinaivaa habu sawasawa, unasukuma na kiganja mpaka isimame yenyewe. Hii ilining'inia kwenye stadi, vile vyuma vya kufungia nati, ikicheza juu na chini. Nikachukua njiti ya kibiriti nikaipitisha kati ya habu na tundu la katikati, ikapita. Nikapima kwa venia yako: habu milimita sitini, tundu sitini na sita. Na nati walizofungia ni zile zile zako zenye washa bapa, wakati matundu ya hizi rimu yamechongwa kama faneli, yanataka nati yenye shingo ya mteremko. Hakuna kilichokuwa kimeshika, Baba. Mama alikuwa anaendeshea nati tano ambazo zingeachia wakati wowote.

Sikumwambia Mama kitu. Nikachukua nati moja, nikapanda bodaboda mpaka Katonga.

Nilimkuta kati ya wachuuzi, mikono imejaa magamba ya samaki. Sikumwamkia. Mimi, binti yako, nilimnyima mtu mzima shikamoo mbele ya soko zima. Nikamwambia, "Unataka kumuua mama yangu ubaki na gari?"

Akinamama wa dagaa wakageuka wote. Nilitegemea angepaza sauti, na kwa kweli nilitaka apaze, nipate la kushika. Akanawa mikono kwenye ndoo, taratibu. Akasema, "Sijui unachosema, mwanangu. Twende ukanionyeshe."

Nikamwonyesha. Nikampa ile njiti aipitishe mwenyewe. Alipoona imepita akairudia, mara ya pili, mara ya tatu, kisha akakaa juu ya tairi bovu pale mlangoni. Akasema, "Kurudi nilikuwa nimpakie na mama yangu. Anakuja kutibiwa macho." Akasema muuzaji alimhakikishia matundu matano yanalingana, na kweli yalilingana, ndiyo maana aliamini. "Mimi najua samaki. Hivi vitu niliambiwa tu."

Bado sikumwamini. Nikamuuliza amemuuzia nani rimu za baba yangu. Akaenda, akarudi na guta, na ndani yake rimu zako zote nne, kila moja imefungwa kwenye mfuko wa salfeti, imepakwa mafuta isishike kutu. "Sikuwa na ruhusa ya kuziuza," akasema. "Si zangu."

Nikamuuliza na habari ya kadi. Nilishaanza, sikuweza kuacha. Hapo Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote, ndiye aliyejibu. Askari wa barabarani alimsimamisha mara mbili akimuuliza kwa nini anaendesha gari la marehemu, Mama akaona aibu kunieleza mimi, akamweleza Ramadhani. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba wiki mbili hizi:

"Na rimu niliziomba mimi. Nimechoka, Zuhura. Kila ninapopita watu wanaliona gari, wanasema pole. Sokoni pole, msikitini pole. Nilitaka siku moja wasilitambue."

Nilijifanya natafuta spana.

Baba, nilikuwa namshuku mtu huyu kwa sababu ilikuwa rahisi. Ningeacha kumshuku, ingenibidi nikubali kwamba Mama anataka kuishi tena, na kwamba katika kuishi huko wewe hutakuwemo. Nilijiambia nalinda gari lako. Nadhani nilikuwa nataka nyumba ibaki vile ulivyoiacha.

Nilizirudisha rimu zako siku ile ile. Hawakwenda Manyovu Jumamosi, walikwenda iliyofuata, na mimi ndiye niliyeendesha. Mama yake Ramadhani ni kikongwe mdogo, anaongea Kiha kitupu na haoni vizuri. Alinishika uso kwa mikono miwili akacheka, akamuuliza mwanawe huyu ndiye yule fundi mkali. Kumbe habari zilitangulia.

Zile nyeusi sikuzitupa. Nimeagiza pete za kuziba lile pengo na nati zake halali. Zikifika nitazifunga mwenyewe, kisha Mama achague anazotaka.

Jana Mjomba, kaka yake Mama, alinipigia. Ramadhani amepeleka posa. Mjomba amesema hatamwozesha dada yake mpaka asikie kauli yangu, na amenipa mpaka Ijumaa. Nimekaa na simu mkononi tangu alfajiri. Nikaona siwezi kumjibu yeye kabla sijakwambia wewe.

Nitamwambia nimeridhia.

Simwamini kwa kila kitu, usinielewe vibaya. Bado namtazama anavyokunywa chai, bado nasikiliza anavyomwita Mama akidhani sisikii. Nitaendelea hivyo mwaka mmoja, pengine miwili. Lakini nakuahidi, nikimkuta na kosa nitamwambia yeye pembeni, kwa heshima, si mbele ya soko. Na asubuhi ya ndoa nitakuwa wa kwanza kumwambia shikamoo.

Lala salama, Baba yangu. Mungu akupanulie kaburi lako. Ngoja sasa nimpigie Mjomba.

Binti yako,
Zuhura