Nyuma ya Ukuta wa Honaunau

Kona, Hawaii, 4 Machi 2024

Baba mpendwa,

Jambo sana. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, bado nasafisha vyumba vya wageni melini. Jana tulipewa ruhusa ya kushuka, nikapanda basi hadi Honaunau.

Baba, kuna ukuta mnene wa mawe, umepangwa bila saruji! Zamani aliyevunja mwiko aliuawa, hata mwanamke aliyekula ndizi tu. Mimi ningekuwa nimezikwa kitambo. Lakini akiwahi kuogelea hadi nyuma ya ukuta ule, hakuna wa kumgusa. Kuhani anamfanyia ibada, anarudi kwao. Mlimani jirani kuna kanisa ambalo padri alichora ndani yake hadithi za Biblia, kwa wasiojua kusoma.

Kaka Damien bado mmemweka chini ya nidhamu ya kanisa?

Binti yako, Benita


Berea, Johannesburg, 9 Machi

Binti yangu,

Jambo. Tunaishi kwa neema, goti limetulia. Habari ya ukuta imeninyima usingizi. Nani alihakikisha mtu ametubu kweli? Kuhani aliweza kumkataa? Alikaa humo miezi mingapi?

Kaka yako bado. Ni kweli amemwoa Angélique, na mtoto aliyepatikana kabla ya ndoa sasa anatambaa. Lakini sisi wazee wa kanisa tulisema mtoto wa mzee lazima awe mfano. Haimbi kwaya, hashiriki Meza ya Bwana. Sasa anasema atahamia Cape Town na kanisa basi. Naogopa kumpoteza, Benita.

Usimwambie mtu kwamba nimeuliza.

Baba yako, Mzee Théodore


Kona, 18 Machi

Baba mpendwa,

Jambo, na mama hajambo? Meli imerudi hapa, nikamtafuta mama mmoja mzaliwa wa hapa anayetembeza wageni. Anasema kuhani hakuweza kumkataa aliyefika, na wengine waliondoka kesho yake. Nilipomuuliza nani alihakikisha toba, alicheka: "Si ameogelea huku wanamfukuza?"

Baba, Damien si anakuja kila Jumapili?

Binti yako, Benita


Berea, 8 Aprili

Binti yangu,

Jambo, na pole kwa kimya changu. Niliwaeleza wazee wenzangu. Walisema hayo ni mambo ya wapagani, Damien asubiri.

Jana, wakati wa sifa, niliacha kiti changu cha mbele nikaenda kukaa naye nyuma kabisa, wanakokaa walio nidhamuni. Watu waligeuza shingo. Damien akaninong'oneza, "Eish, Papa, unafanya nini huku?" Nikamwambia asogee. Meza ilipopita, sikushiriki. Nililia kidogo, mtoto akanivuta ndevu.

Wazee wameniita Jumamosi. Waniite tu. Jumapili nitakaa palepale, na Damien amesema atanishikia nafasi.

Baba yenu, Théodore