Kopo la Udongo Chini ya Kiti

Jumatatu, 7 Juni 1976

Baridi. Binti yangu Habiba ameniwashia makala kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na kunisogezea kiti hapa barzani, mahali jua linapofika kwanza.

Mtoto wa mbwa ametapika tena, karibu na kizingiti. Habiba alifunika matapishi kwa majivu.

Tuna mbwa tangu mwezi uliopita. Wezi waliruka ukuta wakachukua sufuria na nguo zote zilizoanikwa. Jirani yetu Mama Delphine, ambaye mbwa wake alikuwa amezaa, akatuletea mmoja ndani ya kikapu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Baislamu na imbwa! Sasa dunia inaisha." Binti yangu akamjibu kwamba ndiyo maana amempa jina Batasema. Hapa mtaani Katuba jina la mbwa ni neno unalompelekea jirani bila kwenda mlangoni kwake. Wenye kusema walisema. Sasa wamezoea.

Dawa nimeshameza, nilimwambia Habiba. Akafurahi.

Si kweli.

Jumatano, 9 Juni

Niandike kwa mpango. Nilikuwa mkalimani wa mahakama mpaka nywele zikawa nyeupe. Mtu akianza kukiri katikati, hakimu humrudisha mwanzo.

Mwanzo ni Machi. Nguvu zilikwisha. Sista wa zahanati alisema damu yangu imekuwa maji, akampa Habiba chupa ya vidonge vya chuma – vyekundu, vimepakwa sukari. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Vikishuka vinachoma siku nzima. Nilivimeza mpaka mwezi uliopita, mbwa alipokuja, kisha nikaacha. Sikukasirika na mtu. Sikulia. Tangu Adija, mke wangu, alipofariki, mambo mengi yameniacha hivyo, moja moja, na sikuyakimbilia.

Habiba husimama mbele yangu mpaka nimeze. Nikamwambia kidonge hupita vizuri zaidi ndani ya tonge la bukari, ugali wetu. Akakubali. Nafinyanga tonge, kidonge kinaingia ndani, na akigeuka kuchukua maji mkono wangu unashuka chini ya kiti. Batasema yuko pale daima. Anapenda sukari.

Kisha nanawa. Mara saba, moja kwa udongo, kama baba yangu alivyonifundisha kule Kasongo mate ya mbwa yakigusa mkono. Siwezi kuswali na mkono ule. Chini ya kiti nimeweka kopo la maziwa lenye udongo. Habiba aliuliza ni la nini. Nikasema la kutemea mate.

Namdanganya binti yangu, halafu naogopa kuswali na mkono mchafu. Jina la mtu wa namna hiyo silijui, katika lugha zote nilizofanyia kazi.

Jumamosi, 12 Juni

Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Mtaa mzima ulifagia tangu alfajiri. Habiba alirudi na vumbi kwenye nyusi, akafagia tena uwanja wetu, kama kila siku, mpaka pembeni.

Mama Delphine amemleta mpwa wake, daktari wa mifugo. Wiki yote yuko na ng'ombe huko Lukafu, mwisho wa wiki hurudi mjini. Kijana mrefu, koti la abakosti limembana kwapani. Kwenye karatasi ni citoyen Mumba, maana majina ya ubatizo serikali imeyapiga marufuku. Shangazi yake anamwita Symphorien, kwa sauti ya juu, barabarani, kwa makusudi.

"Tantine, batanifunga kwa ile jina."

"Bakufunge. Nitakuletea bukari ku buloko."

Alimpapasa mbwa tumbo, akamfunua midomo, akatazama ufizi. Umepauka, alisema. Akauliza anatapika lini, anakula nini, choo chake kina rangi gani. Habiba alijibu yote. Cheusi. Kama lami.

Daktari alisema kwa mtoto wa mbwa weusi huo mara nyingi ni minyoo midogo inayonyonya damu tumboni. Ameacha dawa. Amechukua na choo kidogo ndani ya chupa, akitazame kwa darubini kule chuo kikuu.

Kisha akanigeukia. "Papa, wewe njo unashinda naye hapa. Hukuona kitu ana–"

Nikasema sikuona kitu.

Nilijibu kabla hajamaliza swali. Mahakamani nilikuwa nawatambua waongo hivyo hivyo.

Jumanne, 15 Juni

Batasema ametoa minyoo miwili, mirefu. Habiba alimwita Mama Delphine aje kuona. Walisimama juu ya ile minyoo kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga. Mama Delphine alitaka kupiga vigelegele. Habiba akamzuia, majirani wasije wakafikiri kuna arusi.

Alasiri mbwa akatapika. Choo cheusi tena. Vigelegele havikupigwa.

Kidonge cha asubuhi nilimpa. Niandike hivyo hivyo.

Cha jioni sikutaka kumpa. Lakini kitakwenda wapi? Uwanja Habiba anaufagia, anaona hata punje ya mchele. Mifuko yangu anaigeuza akifua. Chooni siendi bila yeye kunishika mkono. Nilikizika ndani ya kopo la udongo. Sisimizi wakaja foleni kutoka ukutani, kwa ajili ya sukari. Nikakifukua upesi. Habiba alikuwa anakaribia na maji.

Mkono ukashuka.

Mwanzoni sikujua kwamba kinaweza kumdhuru. Hiyo ni kweli, ningeapa. Kuanzia leo siwezi kuapa.

Jumamosi, 19 Juni

Daktari amerudi na shangazi yake. Mbwa amekonda, mgongo umetokeza kama mshono wa gunia. Haji tena kumpokea mgeni. Mkia tu, mara moja.

Kwenye darubini hakuna mayai ya minyoo. Ile miwili ilikuwa ya kawaida, alisema, kila mtoto wa mbwa anayo. Basi damu inatoka wapi? Au si damu?

Aliomba glasi ya maji – glasi mbaya, ya kutupa. Habiba akaleta ile yenye ufa. Daktari akachukua choo cha mbwa kwa kijiti, akakikoroga ndani.

"Ikiwa ni damu, maji itaanza kuwa nyekundu huku pembeni. Tuangalie."

Tukaangalia, watu wanne na kichwa cha mbwa kwenye goti la Habiba. Maji yakageuka kijani kilichochafuka. Hayakuwa mekundu.

"Haiko damu," akasema. "Iko kitu anakula."

Ameagiza mbwa afungwe. Ale wali uliopondwa tu, atakaowekewa na Habiba kwenye sahani, asiokote kitu uwanjani. Atapita Jumatatu. Hali ikiendelea hivi, ini litakufa, na hapo itakuwa heri kumlaza kwa sindano.

Wiki ya kwanza Habiba alikuwa anamfukuza mbwa na fagio, asiguse mkeka wake wa kuswalia. Leo alimfuta macho kwa pindo la kitenge chake.

Amemfunga kwenye mguu wa kiti changu. Ili ashinde juani, alisema, na Baba amwangalie.

Jumapili, 20 Juni

Ile glasi yenye ufa haikutupwa. Niliiomba. Nikasema ni ya kuwekea meno yangu ya bandia.

Asubuhi, kabla Habiba hajaja kuchukua ndoo ya chumbani, nilifanya kama daktari alivyofanya. Kijiti. Maji. Nikakaa kitandani nikasubiri.

Mekundu. Kwanza pembeni, kisha yote.

Choo changu ni cheusi tangu Februari, kabla ya kidonge chochote. Sikumwambia Sista. Sikumwambia Habiba. Kumbe nilijua na sikujua.

Nikamwaga yale maji ndani ya ndoo. Nikaosha glasi, nikatia meno. Nikaswali. Nilitarajia kitu kitanijia – hofu, au machozi. Hakuna. Ngoma za watu wa animation, wale wanaoimba kumsifu Rais, zilikuwa zinajaribiwa upande wa shule, nikazisikiliza mpaka zikakoma.

Mama Delphine alipita akitoka misa, amevaa kitambaa kipya. "Papa, nimeombea imbwa yenu. Padri akijua atanifukuza." Nikamwambia asante. Akasema mimi pia ameniombea, lakini baada ya mbwa, maana mbwa ana haraka.

Nilicheka. Tumbo likaniuma.

Kidonge cha jioni: mbwa alikula. Nilikishika kwa muda mrefu ndani ya kiganja, rangi ikanitia wekundu kwenye mistari ya mkono. Habiba alikuwa anageuka. Sina neno lingine la kujitetea.

Jumatatu, 21 Juni

Nimekunywa chai ya moto. Niandike yote.

Daktari alikuja asubuhi. Anaondoka kesho kwenda Lukafu, alisema, basi leo lazima ajue. Akamlaza mbwa juu ya gunia. Habiba akashika kichwa. Choo cha leo kilikuwa kile kile. Habiba akaapa kwamba ni wali tu, hakuna kingine, ameupika mwenyewe.

Daktari alichuchumaa, akakigeuza kwa kijiti. Kisha akasema weusi huu wenye kijani ni wa chuma. Mbwa anakula chuma. Akauliza kama kuna kutu uwanjani, misumari, bati bovu. Hakuna.

"Na dawa ya damu? Vile vidonge vyekundu banapeana ku zahanati?"

"Iko ya Baba tu," Habiba akasema. "Na yeye anameza mbele yangu."

Daktari hakunitazama. Alitazama kamba. Akaifuata kwa macho kutoka shingo ya mbwa mpaka mguu wa kiti changu.

"Nani anamulisha kwa mukono?"

Habiba akacheka kidogo. "Hapa kwetu? Docta, sisi ni Baislamu. Mate ya imbwa ikikugusa unanawa mara saba, na moja ni ya udongo. Nani atafanya ile kazi yote kila–"

Hakumaliza.

Aliinama, akalivuta kopo kutoka chini ya kiti. Udongo ulikuwa mkavu, unga mtupu. Hakuna mate. Palikuwa na mitaro ya vidole vyangu, vinne na kidole gumba, wazi kama alama za watu wasiojua kuandika jina, wanaochovya vidole kwenye wino.

"Ni mimi," nikasema.

Mbwa akalamba gunia.

Habiba aliuliza jambo moja. "Tangu lini, Baba?"

Nikamwambia. Hakuuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa na maneno. Nimebaki nayo.

Daktari alifunga mkoba wake taratibu. Akamwambia Habiba kwamba tumbo dogo likiacha kupata chuma litapona, ampe wali na maji mengi, mkia utarudi kwanza. Akasema vizuri, bila kunihukumu, kama anazungumza juu ya ng'ombe wa mtu mwingine. Habiba akaenda kuleta maji ya kunawa.

Ndipo daktari akasogea karibu na sikio langu. "Papa. Na wewe? Choo yako iko nam–"

"Muzuri," nikasema.

Akanyamaza, akingoja. Nimewajua mahakimu wa namna hiyo, wanaoacha kimya kifanye kazi. Sikukijaza. Nilitazama makala.

Habiba alikuwa amerudi. Amesimama na birika mkononi. Sijui alisikia kiasi gani.

"Kesho napita hapa na gari mbele ya kwenda Lukafu," daktari akasema, sasa kwa sauti ya watu wote. "Napita njia ya hopitali. Nafasi iko."

Jioni Habiba aliniletea bukari na mboga ya lengalenga. Hakuleta kidonge. Hakusimama mbele yangu. Kopo la udongo amelirudisha mahali pake, chini ya kiti. Udongo ameusawazisha.

Batasema alikula wali wake wote. Hajatapika.

Jumanne, 22 Juni

Baridi tena. Makala yamewashwa.

Nilipoamka nikakuta kanzu yangu nyeupe imekunjwa kwenye kiti cha chumbani, na koti juu yake. Hakuna aliyesema nivae. Nimevaa. Vifungo vimenichukua muda.

Hapa barzani, kwenye kigoda mbele yangu, Habiba ameweka sahani. Ndani yake kidonge kimoja, peke yake, bila tonge. Kando yake ile glasi yenye ufa, imejaa maji. Meno yangu ameyahamishia kwenye kikombe. Ametazama glasi ile akiiosha, au hakutazama. Uso wake hausemi.

Alisema tu: "Baba, docta atapita." Kisha akachukua fagio.

Mbwa hajafungwa. Amekuja mwenyewe, amekaa mahali pake chini ya kiti. Macho yamekuwa safi zaidi. Ananitazama mkono. Mkono unaandika, kwa hiyo anangoja.

Kwa daktari sentensi ni fupi. Nimeitunga kwa Kifaransa, nimeitunga kwa Kiswahili. Maji yangu yalikuwa mekundu. Maneno manne. Nimewahi kutafsiri mabaya zaidi ya hayo kwa sauti isiyotetemeka, lakini yalikuwa ya watu wengine.

Habiba anafagia kuelekea lango, amenipa mgongo. Ameshapafagia pale mara mbili.

Gari limepunguza mwendo kwenye kona. Mama Delphine anapaza jina la ubatizo la mpwa wake.

Kidonge bado kiko kwenye sahani. Sisimizi wa kwanza amefika ukingoni.

Fagio limesimama. Hajageuka.