Mama Muuza Tofu na Pikipiki Yangu Nyeusi

Daigo, nimetoka shule ya pikipiki sasa hivi. Nimechukizwa mpaka chai nimeiacha mezani.

Unaujua ule ubao mwembamba wa mtihani. Ukiuvuka chini ya sekunde saba, umekosa. Mimi nimeuvuka kwa nne, nikavua kofia kungoja sifa.

Mwalimu Kuwabara akasema, "Kijana, hata jiwe likidondoka huenda mbio. Rudia."

Nikarudia polepole. Nikaanguka. Mbele ya watu, kama gunia.

Kisha akapanda Mama Nishiwaki, yule wa mtaani kwetu anayeuza tofu, vile vipande laini vya soya vinavyokaa ndani ya maji. Miaka sitini na moja. Sekunde kumi na moja. Kumi na moja, Daigo, na bega halikutikisika.

"Nimebeba tofu kwa baiskeli miaka thelathini," akaniambia, "na maji hayamwagiki. Wewe ukifaulu utanunua ipi, mwanangu?"

Nikamtajia ile nyeusi iliyo kwenye dirisha la duka, ninayoipitia kila Jumapili. Ile niliyoitungia beti.

Akacheka. "Ile nimeichukua jana. Muuzaji alisema kuna kijana huja kuikalia tu."

Kuikalia tu.

"Usinune. Ukiuweza ubao, nitakuazima."

Nilikuwa na tusi limeiva mdomoni. Unajua nilichofanya? Nimeinama mpaka kiunoni, nikasema, "Asante sana, mama."

Na kinachonichefua zaidi ni hiki: kesho asubuhi naanza kumbebea tofu. Kwa baiskeli. Ukiniona njiani, hunijui.