Pikipiki Yenye Kiti cha Pembeni

Jumatatu, 3 Agosti 1953. Handeni
Nimemaliza kaptula za matarishi wa boma. Vifungo vimeniishia. Mchana kaja Sefu, mtoto wa mama mdogo, kutoka Kwedizinga. Mama mdogo hali tena chakula, anamtaja dada yake tu. Dada yake ni mama yangu. Yuko Mashewa, magoti hayamchukui, na lori haliendi huko. Nina hasira, sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 6 Agosti. Korogwe
Nimekuja kununua vitambaa. Nimekuta mnada. Mzungu wa shamba la mkonge anarudi kwao, vyombo vyake vyote vimetolewa uani. Watu waligombania kitanda na kabati. Mwishoni dalali akaonyesha pikipiki kubwa ya safari, ina kiti cha abiria pembeni chenye gurudumu lake. Kuku alikuwa ameatamia ndani ya kiti. Watu wakacheka. Haijawaka tangu masika. Nikanyoosha mkono. Hakuna mwingine aliyenyoosha. Nimeipata kwa bei ya cherehani kuukuu. Vitambaa sikununua. Naogopa. Lakini sijawahi kuwa na kitu kizuri namna hii.

Jumamosi, 8 Agosti
Ramji, fundi wa gereji, ameifungua yote. Mchanga. Kiota cha nyigu kwenye bomba la moshi. Jioni ikawaka. Ardhi ilitetemeka, nikaisikia mpaka kwenye meno. Tukabaki tunaitazama tu, yeye na mimi. Ananifundisha kwenye njia za mashamba ya mkonge. Nimeanguka, kiwiko kimechunika. Sijali.

Jumatano, 12 Agosti
Sefu kanifuata mpaka huku Korogwe. Mama mdogo sasa hasemi. Ramji anataka nijifunze wiki moja zaidi. Wiki hiyo sina.

Alhamisi, 13 Agosti. Mashewa
Nimetoka alfajiri. Njia ninayoitembea kutwa imekwisha umande haujakauka. Milima ilizidi kuwa mikubwa mbele yangu, nikajiona mdogo kama sisimizi, na nikafurahi. Mama alitoka, akashika mlango. Nikamwamkia.
"Nani amekufa?" akauliza.
Nikamwambia hajafa mtu, ila mdogo wake anamtaka. Akaizunguka pikipiki taratibu, akaigusa kwa ncha ya kidole, kama anagusa ng'ombe wa watu. Kisha akaingia ndani kufunga kanga zake.

Ijumaa, 14 Agosti. Kwedizinga
Tairi lilipasuka tukiingia Korogwe. Ramji akaliziba, hakutaka malipo. Nilikuwa nahesabu kila pumzi ya mama mdogo kichwani. Mama kashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Darajani akanigusa nisimame. Mto huu aliuvuka alipoolewa, kwa miguu, na hakurudi tena. Aliutazama sana.
"Twende," akasema. "Sikujua kwetu ni karibu hivi."
Nikaiwasha tena.
Tumefika. Mama mdogo yu hai. Alifumbua macho, akamshika dada yake usoni.

Jumapili, 16 Agosti
Mama mdogo amekunywa uji kidogo, ananyweshwa na dada yake. Kama atapona, hakuna anayejua. Hasemi. Mama anasema kwa ajili ya wote wawili, Kizigua cha haraka ambacho sijawahi kumsikia nacho. Nimekaa nje ya mlango. Mama alicheka kitu fulani peke yake, kisha kukawa kimya. Nimechungulia. Wamelala kitanda kimoja, kama wasichana.