Fundi wa Sare na Kabureta Mbili

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Nimejiponza. Tena kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya sahani ya mukimo.

Baba alikuwa anasema ile pikipiki yake ya Honda imeoza kwenye stoo, ni heri wapewe watu wa vyuma vikuukuu. Eti hapa kwetu Bahati hakuna tena mtu wa kuiamsha. Nikauliza – kwa nini nisijaribu mimi? Baba akacheka kidogo. Akasema mikono yangu ni ya kushona sare za shule, si ya injini. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Nikaapa kwamba kabla ya sikukuu ya Mashujaa italia.

Nani alinituma? Mimi sijawahi kufungua hata redio! Wamuyu aliendelea kutafuna tu. Ni mke wangu, anavijua viapo vyangu. Banda la kuku nililiapia hivyo hivyo, na kuku bado wanalala jikoni.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya kanisa nimeitoa Honda stoo. Silinda mbili, kabureta mbili. Baba aliinunua kwenye mnada wa serikali miaka ya themanini akaifanyia kazi hadi alipostaafu. Alikuwa mtu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano – mtungi wa mbegu umefungwa nyuma, kutoka hapa Bahati mpaka Subukia mpaka Kabazi. Ng'ombe wengi wa maziwa wa upande huu ni kazi yake. Watu humtania kwamba ana watoto wengi kuliko mtu yeyote, ila wana pembe.

Kabureta zimetoka. Ndani kuna uji wa kijani, petroli ya miaka mingi imeganda. Video kwenye simu ilisema fungua kabureta moja, imalize, ndipo uguse ya pili. Hiyo sehemu niliisikia nikiwa nimeshafungua zote mbili! Sasa nina rundo moja juu ya meza ya cherehani, humu kwenye kibanda cha uani ambacho ndicho duka langu, na sijui cha kulia ni kipi, cha kushoto ni kipi.

Halafu kuna visindano viwili vya shaba, vidogo kama punje ya mchele, vya kuzuia petroli isifurike. Kimoja hakipo. Kuku mweusi alikuwa chini ya meza wakati huo. Nimemtazama jioni nzima, naye ananitazama. Nimemwomba Wamuyu tumchinje. Amesema achinjwe kwanza aliyeacha vyuma mahali pa kuku.

Jumatatu, 6 Oktoba

Baba amekuja kibandani na fimbo yake. Amepapasa tangi, usukani, kiti. Kisha akasema: siku itakapolia atapanda mwenyewe aende Kabazi kumwona Kemboi.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baba ana miaka sabini na tisa. Jicho la kushoto lilikufa kwa presha ya macho. La kulia, anasema mwenyewe, ni kama kutazama kupitia karatasi ya nailoni. Daktari alimkataza hata baiskeli. Kemboi ni rafiki yake tangu ujana – kwake ndiko alikokuwa analala mvua ikikata barabara. Nikamwambia nitakodi gari tumpeleke siku yoyote. Akasema tangu Mama afariki amekuwa wa kubebwa tu, kanisani, hospitalini, matangani, "kama gunia ya viazi". Kwa Kemboi hataenda akiwa gunia.

Wamuyu amenivuta kando. "Baba Abby, wacha hiyo kazi. Guka akianguka utaniambia nini?" Guka, yaani babu, ndivyo anavyomwita Baba. Nikamtuliza. Nikamwambia hakuna hatari yoyote. Fundi ni mimi.

Akatulia kweli. Sijui nifurahi au nikasirike.

Jumatano, 8 Oktoba

Video imesema chemsha kabureta kwa maji ya ndimu, uchafu wote utoke. Wamuyu hawezi kuniruhusu nitumie sufuria yake. Lakini stoo kuna sufuria nyingine kubwa, safi, haina kazi, ina alama ya rangi ya bluu kwenye kishikio. Nimechemsha mchana kutwa. Zimetoka zinang'aa! Nikaiosha sufuria kwa sabuni ya unga, mara nyingi tu, nikairudisha.

Ndiyo kwanza najiona fundi.

Jumapili, 12 Oktoba

Alama ya bluu ni ya akina mama wa kanisa.

Sufuria ni yao, Wamuyu ni mtunza vyombo tu. Leo kulikuwa na mhubiri mgeni kutoka Naivasha. Chai ikapikwa humo. Mhubiri akapiga funda la kwanza, akafumba macho, akakaa hivyo. Sisi wote tukainamisha vichwa, tukidhani anaomba. Kumbe anatafuta pa kutemea!

Akina mama wakalaumu maziwa. Wakamtaja mwenye maziwa kwa jina. Nilivumilia hapo tu, kisha nikasimama nikasema ni mimi, ni petroli, ni kabureta. Kanisa zima likageuka. Nitanunua sufuria mpya. Wamuyu hajaniongelesha tangu hapo, ila amemwambia kuku mweusi mambo fulani kwa sauti ili nisikie.

Baba alicheka njia nzima mpaka nyumbani. Mama alipokuwa hai ndipo alikuwa anacheka hivyo.

Jumanne, 14 Oktoba

Nakuru kutafuta gasketi, vile vipande vya kuziba viungo vya kabureta. Odongo wa spea alizitazama kabureta akaita wenzake waje waone. "Boss, hii ilikuwa ya babu ya nani?" Nikasema ya baba. Akaenda nyuma ya duka, akatoka na gasketi zenye vumbi zinazoingia sawasawa. Kisindano hana.

Jioni nikiwa dukani mteja amekuja kupunguziwa sketi ya mtoto. Nikaingiza vidole kwenye kikopo cha pini – na kisindano hicho hapo! Kumbe ile Jumapili nilikiokota mezani nikakitia na pini zangu bila kufikiri. Miaka yote kila kidogo chenye ncha nakitia humo. Mikono ya kushona sare kweli.

Nimempa kuku mahindi mkono mzima.

Alhamisi, 16 Oktoba

Dada yangu Sue amepiga simu kutoka Naivasha. Ndiye mkubwa wetu, na Wamuyu amemweleza yote. "Jamleck, hiyo kitu ikiwaka na Baba apande, mimi na wewe tutaonana." Nikamwambia si lazima iwake. Akasema vizuri, basi shindwa tu, si ni kitu unajua kufanya.

Nimefunga kabureta usiku. Petroli ikamwagika kwenye viatu. Nikafungua. Nikafunga tena.

Ijumaa, 17 Oktoba

IMEWAKA!

Wamuyu amempeleka Baba kliniki ya macho Nakuru. Nikafunga duka mapema. Kiki, kiki, kiki, mpaka paja likatetemeka. Kikohozi kimoja. Moshi mweusi. Kisha silinda moja ikashika, halafu ya pili, na uwanja wote ukajaa mlio. Ule ule wa utotoni, tukiusikia tunajua Baba amefika kwenye kona, tuache kupigana. Nimeruka! Nimezunguka mtungi wa maji nikipiga makofi, mtu wa miaka arobaini na tisa. Nimeiacha ilie mpaka bomba la moshi likawa jekundu.

Ndipo akili ikarudi. Nimefanya nini mimi?

Nikazima. Nikachomoa zile kofia za mpira za plagi, zote mbili, nikazitia mfukoni. Bila hizo haiwaki ng'o.

Wamerudi saa kumi na moja. Wamuyu aliniambia jikoni, polepole. Jicho la kulia nalo linakwenda. Daktari hakutaja mwezi, ila alisema kama kuna mtu au mahali mzee anataka kuona, asingoje sana. Baba mwenyewe aliuliza kitu kimoja tu – imefika wapi?

"Bado, Baba. Imenishinda."

Ajabu ya Mungu. Nilitaka kumwambia hivyo tangu siku ya kwanza na ilikuwa kweli. Leo si kweli, na ndipo nimesema.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeshinda kutwa nikijifanya natengeneza pikipiki iliyopona. Nafungua nati, naifunga. Nafungua, naifunga. Baba ameketi karibu yangu kwenye kigoda.

Amenifariji! Amesema injini ile ni ngumu, hata yeye ilimlaza njiani mara nyingi. Amesema nimejaribu kuliko alivyotarajia. Amenishika bega akaniambia, "Si kitu, kijana yangu. Umenitoa aibu."

Maisha yangu yote nimelingoja neno la namna hiyo kutoka kwa Baba. Limekuja siku ninayomdanganya, na kofia za plagi zinanichoma paja. Nimeingia chooni nikalia. Nimetoka nimemwambia Wamuyu ni petroli imeniingia machoni.

Jumapili, 19 Oktoba

Tumeumbuka.

Tumetoka kanisani tukamkuta Mama Micah getini. Ni ajuza wa ng'ambo ya mto, ana fimbo mbili na hasira. Amekuja kumgombeza Baba. Zamani, mtu mwenye ng'ombe aliyepata joto alikuwa anatundika gunia kwenye geti lake. Baba akipita na Honda akiona gunia, anasimama. Basi Mama Micah anasema Ijumaa alisikia Honda. Wote ng'ambo ile waliisikia. Akatundika gunia. Akakaa nje mpaka giza. "Karanja, umenipita! Mimi nilikukosea nini? Ng'ombe yangu imepoa sasa!"

Wamuyu alianza kumweleza kuwa Guka alistaafu zamani, siku hizi mtu anaitwa kwa simu. Mama Micah akasema simu hana, gunia analo.

Baba alinigeukia mimi, au mahali aliposikia napumua.

"Ililia?"

"Ililia, Baba."

"Silinda zote mbili?"

"Zote mbili."

Akanyoosha mkono. Hakuuliza nimechomoa nini, na mimi sikujifanya sielewi. Nikazitoa mfukoni nikaziweka kiganjani mwake. Nilijiandaa kwa matusi, niliyastahili. Lakini alizipapasa, akatikisa kichwa, na uso wake ukafunguka. Akamwambia Mama Micah, kwa sauti ya mtu anayetaka hata majirani wasikie, kwamba Honda imetengenezwa na kijana wake. Kwa mikono yake. Ile ya sare.

Halafu akaingia ndani na kofia zake za plagi, akafunga mlango.

Wamuyu anasema niondoe petroli yote usiku huu. Sue amesema vivyo hivyo, kwa maneno makali zaidi. Nilitoka na mtungi. Nilisimama karibu na tangi muda. Nikarudi na mtungi mtupu.

Jumatatu, 20 Oktoba – Mashujaa

Naandika chumbani, haraka haraka.

Baba aliamka kabla ya sisi sote. Amevaa lile koti lake la kazi na helmeti. Kofia za plagi amezirudisha mwenyewe kwa kupapasa. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikawaka. Akakaa juu yake uwanjani, ikalia, haikukohoa hata kidogo. Kabureta zangu! Sikuwahi kutengeneza kitu kizuri hivi na sikuwahi kuogopa kitu hivi.

Wamuyu amefunga geti kwa kufuli, amesimama na ufunguo. Mkono wa pili ana simu, Sue anapiga kelele ndani yake. Nilijaribu kumwambia Baba aniachie niendeshe mimi, yeye akae nyuma. Akacheka. Anakumbuka vizuri: mara moja tu alinifundisha, na niliishia ndani ya ua wa jirani. Ni kweli. Fundi wa pikipiki hajui kuendesha pikipiki. Nikamwambia basi gari, Baba, leo hii, nakodi sasa hivi.

Akazima injini ili nisikie vizuri.

"Sauti ya Kemboi nitaisikia hata nikiwa kipofu. Nataka kuona uso wake. Na nataka anione nikifika." Kisha akapiga kiti cha nyuma kwa kiganja. "Panda hapa. Mimi nitashika usukani, wewe utaniambia mashimo. Twende polepole, kama tumebeba mayai."

Wamuyu akanitazama. Baba naye akageuza kichwa upande wangu, akangoja. Nikasema nachukua koti ndani. Nilikusudia kukaa humu mpaka achoke. Ama nimpigie mchungaji aje amzuie. Huo ndio uliokuwa mpango wangu, mpango wa mtu mzima mwenye akili.

Ameiwasha tena. Anapiga honi. Wamuyu anaita, "Baba Abby! Unafanya nini huko ndani?"

Koti nimeshavaa. Nimepiga magoti mbele ya kabati, na nina dakika kadhaa hapa natafuta helmeti ya pili.